Ndoo ya Mlango Namba Kumi na Moja

Nilipokabidhi funguo za ofisi, binti aliyechukua kiti changu aliniuliza kama kuna jambo lolote anapaswa kulijua kuhusu taka. Nilimwambia kwamba taka hazina siri ila watu wanazo, na kazi yetu iko hapo katikati. Akatabasamu kwa adabu, jinsi watu wanavyomtabasamia mzee anayeanza kusahau majina ya wajukuu. Basi nimeona heri niandike. Huenda yeye na wenzake wakasoma siku moja mvua ikinyesha na kazi ikiwa imelala.

Sitasimulia nilipandishwa cheo lini. Nilipandishwa, nikashushwa, nikapandishwa tena, lakini ngazi zilizoniharibu magoti ni zile za saruji, za ghorofa nne, nilizozipanda na kuzishuka miaka yote hiyo nikiulizia habari za maganda ya viazi.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa afisa wa ustawi katika kampuni ndogo ya nyumba iliyokuwa na fleti huku Eastlands, mashariki mwa jiji, mwendo mfupi kutoka soko la Jericho. Wapangaji walikuwa makarani, madereva, wachonga vinyago kutoka Ukambani, na wafanyabiashara Waislamu ambao baadhi yao walizaliwa hapa na wengine walifika wakiwa wamebeba walichoweza kubeba. Kampuni ilikuwa na sheria moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko nyingine zote: mpangaji lazima awe na kazi. Akiipoteza, atoe taarifa na ahame. Kibarua cha leo na kesho hakikuhesabiwa kuwa kazi. Ishikeni sheria hiyo, maana nitairudia.

Siku ya kwanza niliripoti nimevaa viatu vya kisigino na nimebeba mkoba mpya. Nilitarajia meza. Nilikabidhiwa kwa Mzee Okelo, nyapara wa wafagiaji, mtu mrefu aliyekuwa na reki moja tu ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Alinitazama viatu kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama uso.

"Madam," akasema, "hiyo kiatu ni ya ofisi gani?"

"Ofisi ya ustawi, Mzee."

"Basi hiyo ofisi iko mbali. Hapa ni taka."

Nilimchukia mpaka saa nne. Kufikia saa sita alikuwa amenifundisha jambo ambalo chuo hakikunifundisha: kamwe usitazame taka za mtu mwenyewe akikuona. Katika fleti zile mwanamke wa heshima hakuteremka ngazi na taka zilizo wazi. Alizifunga kwenye gazeti, akaweka kitambaa juu, akapita haraka huku akikusalimu kwa sauti ya juu ili macho yako yabaki usoni pake. Manyoya ya kuku yalimaanisha kulikuwa na wageni, na jirani ambaye hakualikwa angenuna mpaka Krismasi. Mashina ya sukuma wiki ya siku saba mfululizo yalimaanisha mwisho wa mwezi uko mbali. Watu wote waliweza kusoma taka za wenzao, na wote walijifanya hawajui kusoma. Hiyo ndiyo iliyokuwa sitara ya ngazi zetu, na iliwawezesha watu kuishi wakitenganishwa na ukuta wa inchi sita.

Miaka kadhaa nilifanya kazi ya kawaida: kuhimiza watu wafunike mapipa, kusuluhisha ugomvi wa nani ameziba bomba, kufundisha vikundi vya kina mama kushona na kujifunza kutoka kwao kunyamaza. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya themanini, meneja wetu, Bwana Githinji, alipelekwa kozi ng'ambo. Alirudi na Kaunda suti mpya na picha za rangi. Katika picha hizo kulikuwa na fleti safi kuliko hospitali, na chini ya kila ngazi mapipa matatu: la karatasi, la chupa na la mikebe. Wenyeji wa huko walionekana wakitia vitu humo huku wakicheka, kana kwamba kuna mtu amewaahidi chakula.

"Madam," aliniambia, "tutawafundisha watu wetu kutumia vitu tena."

Nilitazama nje ya dirisha lake. Pale uani kulikuwa na mama akipima mahindi kwa mkebe wa mafuta ya kupikia. Mkebe ule ukitoboka ungekuwa koroboi. Koroboi ikioza, fundi wa jua kali angeikunjua akazibia paa. Karatasi ya gazeti lilelile ilisomwa na karani, ikafunga nyama, ikafunga taka, na hapo katikati ilipita mahali nisipopataja. Chupa hazikukaa ndani hata wiki kabla ya mnunuzi kupita akipiga kelele chini ya madirisha. Watu tuliotaka kuwafundisha kutumia vitu tena ndio wenyewe waliobuni mambo hayo. Lakini Bwana Githinji alikuwa ameshanunua rangi.

Alipoutangaza mradi barazani, uwanjani baina ya majengo, aliahidi kwamba vitu vitauzwa viwandani na kwa mafundi, na mapato yatapaka ngazi chokaa. Kisha akasema, "Kuanzia leo, mjifunze kwamba kitu hakiishi maisha mara moja."

"Bwana," ikajibu sauti kutoka nyuma, "hii koti yangu imezika babangu na mjombangu."

Mapipa yalifika Jumatatu: mapya, meupe, yenye vifuniko. Na mtaa wenyewe ni ule ambamo maji yalikuja kwenye mifereji yalipojisikia. Sitasema yaliibwa, maana neno hilo ni kali. Yalihama. Siku ya Jumatano nililikuta moja ghorofa ya tatu, mbele ya mlango wa kijana mmoja kinyozi, limejaa maji hadi juu, na kikombe kimewekwa kwenye kifuniko.

"Niaje, Madam," akanisalimu bila wasiwasi wowote. "Hizo mapipa zilikuwa zinakaa tu bure huko chini. Sisi tumezipatia kazi."

"Ni za takataka."

"Si mlisema kitu itumike tena? Hii tumeanza nayo."

Bwana Githinji akaamuru mapipa yarudishwe na yatobolewe matundu chini ili yasishike maji. Mzee Okelo alitoboa kutwa nzima kwa patasi na nyundo, akiguna. Mnajua pipa la chuma lenye matundu chini linaitwaje? Linaitwa jiko. Kabla ya wiki kwisha, mawili yalikuwa langoni yakichoma mahindi, na la tatu lilikuwa na mbavu za mbuzi kutoka machinjio ya Kiamaiko. Nilikwenda kulitaifisha. Nilipewa ubavu na chumvi kwenye gazeti, na ubavu ulikuwa umeiva vizuri sana. Tulilitaifisha kesho yake.

Mara ya tatu tuliyafunga kwa minyororo. Yakakaa, lakini yakakaa matupu. Pipa la chupa ndilo lililokuwa gumu zaidi, kwa sababu ya Shemasi Kimeu. Nyumba zetu tulizihesabu kwa ngazi za kupandia, na Shemasi alikaa ngazi ya tatu, ghorofa ya kwanza. Alikuwa na sauti ya kuweza kuhubiria mitaa miwili bila kipaza sauti, na alikuwa na kiu. Zamani mnunuzi wa chupa aliingia ndani, mlango ukafungwa, biashara ikaisha. Sasa Bwana Githinji aliwapiga marufuku wanunuzi, na Shemasi akabaki na chupa zake. Siku moja alilazimika kuzileta mwenyewe ndani ya mkoba wake wa Biblia, ukilia kwa kila kidato alichoteremka.

"Ni za dawa ya kikohozi, Madam," aliniambia kabla sijauliza.

Kwa ukubwa wa zile chupa, kifua chake kilikuwa katika hali mbaya sana. Uani palikuwa na watu wengi. Wote, kwa pamoja, walinyanyua vichwa kutazama kama mvua itanyesha. Ilikuwa kiangazi. Shemasi alitia chupa zake moja moja, taratibu, akafunga mkoba, akapanda ngazi, na hakuna aliyelitaja jambo hilo tena. Watu wa ngazi ya tatu walikuwa hivyo.

Bwana Githinji hakufurahia. Alisema pipa la wote linawaficha wavivu. Akanunua ndoo, moja kwa kila mlango, zikaandikwa namba ya mlango kwa rangi nyekundu. Ndoo ikae nje kwenye ukumbi wa ngazi, wenyewe watie mikebe na chupa, na kila Ijumaa mimi nipite nikague. Barazani mlango wa mfano ungepewa zawadi. Milango yenye ndoo tupu ingesomwa mbele ya watu wote.

"Bwana, watu wataaibika," nilimwambia.

"Ndiyo maana yake, Madam."

Nami nilisoma. Nilisimama pale uwanjani nikasoma namba za ndoo tupu kwa sauti ya mwalimu wa chekechea, na miongoni mwao ilikuwa kumi na moja, ngazi ya tatu. Baraza lililofuata nikaisoma tena.

Namba kumi na moja alikaa Mama Ndunge, mwanamke mwembamba wa kutoka upande wa Machakos ambaye mikono yake haikuwahi kukosa uzi wa kiondo. Alisuka akitembea, alisuka akipika, alisuka akinisikiliza nikieleza faida za kutenganisha taka. Mumewe, Baba Ndunge, alikuwa dereva wa kiwanda kimoja cha eneo la Baba Dogo. Kila asubuhi alitoka na koti la kahawia lenye jina la kiwanda kifuani, akasalimu kila mtu, na jioni akarudi nalo. Walikuwa na watoto watatu, Ndunge akiwa kifungua mimba.

Baada ya kusoma mara ya pili, Bwana Githinji alinyanyua mkono watu wasitawanyike. "Nyumba isiyotoa hata mkebe mmoja," akasema, "ama wanatupa mtaroni, ama hawanunui kitu. Na mtu asiyenunua kitu, ofisi itataka kujua kama bado ana kazi."

Hakutaja jina. Hakuhitaji, nilikuwa nimeshamtajia namba.

Jioni ile Mama Ndunge alinikuta kwenye ngazi. Kwa mara ya kwanza hakuwa na kiondo mkononi.

"Madam, sisi hatutupi mtaroni."

"Najua, Mama Ndunge."

"Sisi tunatumia tu kidogo."

"Najua."

"Basi mwambie Bwana."

Wakati huohuo mumewe alipanda ngazi, akatusalimu, akapita. Mimi nimefanya kazi na uchafu maisha yangu yote, na nilichokiona kwenye koti lile ni kwamba halikuwa na uchafu wowote. Koti la dereva wa lori lina mafuta kwenye mikono, lina vumbi mgongoni. Lile lilikuwa safi, limepigwa pasi, na viatu vilivyokuwa chini yake vilikuwa vimelika upande kama vya mtu anayetembea mchana kutwa. Nilielewa kwamba hakuwa na kazi. Kodi alikuwa bado analipa, sijui kwa vibarua gani. Lakini sheria haikusema kodi. Ilisema kazi. Mimi na Mama Ndunge tuliagana kana kwamba tulikuwa tumezungumzia hali ya hewa.

Ijumaa iliyofuata, ndani ya ndoo ya kumi na moja mlikuwa na mkebe mmoja. Nilipumua. Ijumaa ya pili ndoo ilikuwa nusu. Ya tatu ilijaa. Nikachuchumaa kuikagua vizuri, na hapo nikaanza kupata mashaka, maana kwa ushahidi wa mikebe ile, nyumba ya Mama Ndunge ilikuwa na mtoto mchanga anayekunywa maziwa ya unga, bibi kizee anayenusa ugoro, na mpishi wa pilau anayetumia samli kila siku. Chini kabisa palikuwa na chupa mbili za dawa ya kikohozi, zile kubwa.

Aliyepikia samli kwenye ngazi ile alikuwa mtu mmoja tu. Nilipanda hadi ghorofa ya tatu kwa Mama Zuhura, aliyekuwa na kibanda cha nguo katika soko la Jericho.

"Mama Zuhura, mkebe wako wa samli umefikaje kwenye ndoo ya kumi na moja?"

"Paka, Madam."

"Paka ameteremka ngazi na mkebe?"

"Paka wa siku hizi wana nguvu." Kisha akanivuta ndani, akafunga mlango, akashusha sauti. "Sikiza, dada yangu. Kile kiwanda cha Baba Ndunge kimefungwa. Lakini tafadhali, lihifadhi. Kwenye ngazi hii ni mimi peke yangu ninayejua. Huyo mama akijua kwamba najua, atakufa kwa haya."

Nikaapa. Nikashuka hadi namba saba, kwa yule mwenye mtoto mchanga. Akanivuta ndani, akafunga mlango. Kiwanda kimefungwa, Madam, lakini ni mimi peke yangu ninayejua. Nikaapa. Bibi wa ugoro akaniapisha kwa Kikamba. Shemasi aliniapisha kwa mkono juu ya Biblia, ile ya mkoba wa chupa, kwamba ni yeye tu aliyefunuliwa jambo hilo. Kufikia jioni nilikuwa nimeapa ngazi nzima, mlango kwa mlango, na kila mlango ulikuwa peke yake.

Ningewaambiaje wapunguze? Nikimwambia Mama Zuhura kwamba Shemasi anajua, nimevunja kiapo cha Shemasi. Kwa hiyo wote waliendelea kumsitiri Mama Ndunge, kila mmoja akidhani ndoo ile ingekuwa tupu bila yeye. Na kumbukeni mkebe haukuwa kitu cha kutupa. Kila mkebe uliotiwa mle ulikuwa koroboi au kipimo ambacho mtu amejinyima. Ndoo ikafurika. Mikebe ikaanza kupangwa pembeni. Hakuna mlango mwingine katika mtaa wote uliokaribia kumi na moja, na siku ya zawadi ilikuwa inakuja.

Mama Ndunge aliliona hilo kabla yangu. "Madam," alininong'oneza akipita na maji, "ndoo hii inanitisha. Ilipokuwa tupu waliuliza swali moja. Ikijaa hivi wataniuliza mengi."

Basi mimi, afisa niliyeajiriwa kuhimiza wananchi wakusanye mikebe, nikaanza kuiiba. Nilifika alfajiri na kikapu, nikaitoa kwenye ndoo ya kumi na moja, nikaigawa kwenye ndoo nyingine. Nilikuwa katikati ya kazi hiyo Mzee Okelo aliponikuta, ameegemea reki yake.

"Madam. Sasa umekuwa chokora?"

"Napunguza, Mzee. Usiniulize kwa nini."

Alikitazama kikapu changu. "Sasa kama wewe unapunguza," akasema, "mimi nimekuwa nikiongeza ya nini?"

Tulitazamana. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ngazi, yeye akacheka bila kutoa sauti, mabega tu. Lakini kicheko hakikupunguza kitu. Wawili hatuwezi kushinda jengo zima lililoamua kutenda wema kwa siri.

Siku ya zawadi uwanja ulijaa. Palikuwa na viti vya wageni waliofadhili mradi, meza yenye kitambaa, na juu ya meza katoni ya mafuta ya kupikia, sukari na majani ya chai. Bwana Githinji alivaa ile suti ya kozi. Alihutubia kuhusu maendeleo, kisha akatangaza mlango wa mfano kwa mtaa mzima: kumi na moja, ngazi ya tatu. Watu wa ngazi ya tatu walipiga makofi, kisha niliona nyuso zao zikibadilika moja baada ya nyingine kadiri kila mmoja alivyoelewa alichokifanya. Mama Zuhura alishika mdomo. Mama Ndunge hakusogea.

"Mwenye nyumba aje," akasema Bwana Githinji.

Baba Ndunge akapita katikati ya watu, amevaa koti lake la kahawia. Bwana Githinji alimshika mkono, akawageukia wageni na tabasamu. "Nyumba inayotumia vitu vingi namna hii," akasema, "nadhani baba ana kazi nzuri. Hebu tuambie, ndugu, unafanya kazi wapi?"

Zilisikika koroboi zikigongana kwenye kibanda cha fundi ng'ambo ya barabara. Nilimjua Baba Ndunge. Aliweza kuvaa koti na kutembea, lakini kumdanganya mtu usoni hakuweza, na nilijua kwamba akifungua mdomo, atasema kweli, na ikishasemwa mbele ya wageni na ofisi, watoto wale watatu watalala kwingine.

"Bwana," akaanza, "mimi kwa kweli sina..."

"NA TUOMBE!"

Ilikuwa sauti ya Shemasi Kimeu, ile ya mitaa miwili. Ninyi mnaijua nchi yetu. Mtu akisema na tuombe, hata mwizi huiachilia kwanza pochi. Vichwa vyote viliinama, cha Bwana Githinji kikiwa cha kwanza. Mama Zuhura na Waislamu wenzake walifungua viganja. Shemasi akaanza na shukrani kwa hali ya hewa, akaombea taifa, akaombea mvua, wilaya kwa wilaya kuanzia Pwani. Akawaombea wageni, na wazazi wa wageni. Akaombea mapipa. Kila nilipodhani anafika mwisho alivuta pumzi, akapata wilaya nyingine. Akamwombea Bwana Githinji, macho yake, moyo wake, na gari lake. "Na madereva wote, Bwana," akanguruma, "walio barabarani, na hao ambao bado wanaingoja barabara, wewe unawajua, wala huwaulizi!"

"Amina!" ikaitika ngazi ya tatu. Mama Zuhura aliitikia kila Shemasi alipopumua. Yule kinyozi wa pipa la maji aliitikia. Mzee Okelo, ambaye sikuwahi kumwona akikanyaga kanisa, aliitikia kwa Kijaluo. Nilifumbua jicho moja, nikamwona Mama Ndunge akiwatazama majirani zake walioinama, mmoja mmoja, na nilimwona akielewa kwamba wanajua wote, na kwamba wamejua siku nyingi. Machozi yalimtiririka hata hakuyafuta. Niliwapenda watu wale siku hiyo kuliko nilivyowahi kuipenda kazi yangu.

Wageni walianza kutazama saa. Shemasi alipofika Amina ya mwisho, sauti ilikuwa imemkauka na dereva wa ofisi ameshawasha gari. Bwana Githinji aliisukuma katoni mikononi mwa Baba Ndunge, akamwambia haraka, "Asante sana, dereva," na hakungoja jibu.

Nilipanda naye garini kurudi ofisini. Tulikuwa tumepita soko alipozungumza.

"Kile kiwanda kimefungwa, Madam," akasema. "Shemeji yangu alikuwa mlinzi pale."

Nilimgeukia. "Ulijua ulipomuuliza?"

"Niliuliza kwa mazoea, jinsi ninavyouliza kila mtu. Kisha ndipo nikasoma jina la kiwanda kwenye koti." Alijifuta uso kwa leso. "Nilikuwa nimeinamisha kichwa pale namwomba Mungu yule Shemasi asimalize."

Kisha akaendelea.

"Huu mradi wa ndoo tuufunge. Tutawaambia waliotusaidia kwamba umefaulu."

"Umefaulu vipi, Bwana?"

"Umefaulu kupita kiasi. Nikiendelea kutazama taka za watu, nitajua nani hana kazi, nani ameweka jamaa watano ndani, nani anapika pombe. Na nikishajua, Madam, itanibidi nifanye kazi yangu." Alikunja leso akairudisha mfukoni. "Mimi sitaki kuifanya vizuri kiasi hicho."

Baba Ndunge alipata lori la mbao kabla ya mwaka kwisha. Wanunuzi wa chupa walirudi kupiga kelele chini ya madirisha, na kifua cha Shemasi kikapona, au angalau hatukukisikia tena. Lakini kabla ya hayo yote, asubuhi ya Jumatatu baada ya baraza lile, nilimpa Mzee Okelo rangi nyeusi na brashi akafute namba kwenye ndoo zote, kisha watu waachiwe watumie wapendavyo. Alianza na kumi na moja. Mama Ndunge alikuwa amesimama mlangoni na kiondo chake, akamtazama mpaka namba ikapotea kabisa. Kisha akaichukua ndoo, rangi ikiwa bado mbichi, akatuambia karibuni chai, akaingia nayo ndani ya nyumba yake.